Ngazi ya Mlango wa Nyuma

Aprili 2, Jumatano

Idi ilikuwa juzi. Biriani imeisha, wageni wameondoka, na mvua ya masika imeanza kupiga mabati kana kwamba ilikuwa inatusubiri tumalize kula. Nafungua daftari hili kwa sababu nina habari inayostahili wino: mama mkwe wangu, Mama Dorca wa Awasi, amekubali kuja nyumbani kwangu.

Mtu asiyetujua atauliza, hapo kuna habari gani? Basi nieleze. Mimi ni Idd, Mwislamu wa Kaloleni hapa Kisumu. Babu yangu alitoka pwani, akafuata reli, akaoa huku huku. Mke wangu Akinyi ni Mjaluo wa Kano, Mkristo mpaka leo. Kwetu mama mkwe ni mama. Unamshika mkono, unamketisha kwenye kiti kizuri. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawaketi bega kwa bega, na mama haendi kwa mkwewe kama anayekwenda dukani. Anakwenda siku maalumu, na akina mama wenzake, na vikapu vya chakula. Tumeoana miaka saba, tuna watoto wawili, na mguu wake haujawahi kuvuka kizingiti changu.

Ametuma sharti moja. Anataka kuchukuliwa kwa gari langu mwenyewe, si la kukodi, na atalipanda kwa miguu yake mwenyewe, majirani wakiangalia. Mtu yeyote asimshike.

Aprili 3, Alhamisi

Sharti hilo ni zito kuliko lilivyoonekana jana. Gari langu ni Landikruza ya zamani, ya kijani. Niliiongezea springi ikainuka, nikaivalisha matairi mapana, na sasa ikipita Kondele watu husogea bila kupigiwa honi. Akinyi huiita mke mwenzake. Sakafu yake inanifika pajani mimi, na mimi si mfupi. Mama Dorca ni mfupi, mnene, na magoti yake yameharibika kwa miaka ya kuinama kwenye mashamba ya mpunga.

Nimemwambia Akinyi, "Usijali. Tutaweka ngazi za ubavuni. Nitampandisha kama malkia."

Akasema, "Malkia hapandishwi. Umesikia hiyo sharti lakini?"

Aprili 5, Jumamosi

Nimeshinda dukani kwa binamu yangu Shakir, anayeuza mapambo na vifaa vya magari. Alinipangia sakafuni aina tatu za ngazi. Ya kwanza ni bomba nene la duara, linang'aa mpaka unajiona meno, lina vipande vya raba pa kukanyagia. Ya pili ni ubao mpana wa aluminiamu wenye meno meno. Ya tatu ni vyuma vyeusi vizito vya watu wa porini, vinavyobana juu kabisa ili visigonge mawe. Vinakinga gari vizuri lakini kwa kupandia havisaidii mtu mzee.

Akinyi aliuinamia ubao, akaupitisha kiganja. "Hii haitelezi."

"Hiyo ya mabasi ya shule," Shakir akamjibu. "Shemeji, gari ya Idd ni gari ya heshima. Weka bomba, watu wajue."

Nikachukua bomba. Mke wangu alinitazama, na mimi nikajitia hamnazo.

Aprili 8, Jumanne

Mvua tu. Bomba bado liko sebuleni. Nimelifuta vumbi mara mbili ingawa halina vumbi.

Aprili 12, Jumamosi

Leo limefungwa. Fundi ni Nabalayo, mwanamke wa Bungoma mwenye karakana nyuma ya soko la Kibuye. Sauti yake ni ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, hata kama umesimama naye uso kwa uso. Alitoboa chesi, ile fremu ya chini ya gari, akafunga braketi kwa boliti, akakataa katakata kuchomelea kwenye bodi.

"Nikichoma bodi yako leo," alisema, "ikianza kuoza utakuja hapa kuniita mchawi. Mimi sitaki jina mbaya."

Lilipokaa sawa, moyo wangu ulijaa. Kulia linang'aa, kushoto linang'aa, hata waliokuja kununua majembe walisimama kuangalia. Lakini bomba lenyewe bado lilikuwa juu mno kwa mtu wa magoti mabovu, kwa hiyo nikamwagiza aongeze kidaraja cha pili, cha chini, kwenye mlango wa mbele kushoto. Nikamwambia tu kwamba nina mgeni wa heshima. Akakichomelea kwenye bomba kwa nusu saa, kipana, imara, hakitikisiki.

Nimefika nyumbani napiga honi tangu kona. Akinyi alitoka na mwiko mkononi, akakizunguka kidaraja, akauliza taratibu:

"Hapa anapanda nani?"

"Mama."

"Mama yangu akae mbele? Na wewe hapo kando yake, mkigusana viwiko mpaka Kisumu?"

Miaka saba najua mwiko huo, ningeweza kumfundisha mtu mwingine. Lakini kwetu mzee hukaa mbele, na mkono wangu ulionyesha mlango wa mbele bila kuniuliza. Akinyi alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Na alipoketi, akateleza kwenye bomba, kwa sababu lilikuwa limelowa.

Hilo la kuteleza hakulitaja. Nami sikulitaja.

Aprili 15, Jumanne

Nimerudi kwa Nabalayo kuhamisha kidaraja kwenda mlango wa nyuma. Sasa nilimwambia mgeni ni nani. Alicheka, akaita jirani zake waje nao wacheke.

"Ungesema ni mama mkwe, Bwana Idd! Sisi kwetu ukikutana naye njiani unaingia kwa mahindi kujificha. Na wewe unamuweka mbele kama kondakta!"

Mlango wa nyuma una taabu yake. Tairi linakula nafasi, kwa hiyo kidaraja kinabaki chembamba. Nabalayo akakishusha zaidi ili mguu upate pa kuingilia. Kilikuwa karibu na ardhi, nikasema hiyo ndiyo raha ya mzee.

Aprili 19, Jumamosi

Leo nina mengi na yote ni aibu.

Akinyi na watoto walikuwa wanakwenda Awasi kwa Pasaka. Nikasema nitawapeleka mimi, kusudi Mama Dorca aone ngazi hata kwa mbali. Lami ilikuwa nzuri. Tulipoacha lami kuingia kwao, udongo mweusi ulikuwa umelowa siku nne, na malori ya miwa yalikuwa yamechimba mifereji miwili barabarani. Matairi yangu yaliingia mferejini vizuri tu. Kidaraja hakikuingia. Kilijikita kwenye tuta la katikati kikaanza kulima. Nikaongeza mafuta, kwa sababu mimi ni mimi, na tukasikia mlio uliomfanya mwanangu Huzaifa aache kutafuna.

Tuliingia uani kwa mama mkwe nikiburuta kidaraja kwa braketi moja, bomba limepinda, tope limejaa mpaka kwenye vioo. Majirani walikuwa wametoka wote. Okello, kaka yake Akinyi, alikuja mbio akifikiri tumepata ajali.

"Shemeji, hiyo ni jembe umeleta?"

Mama Dorca alikuwa amesimama mlangoni pake. Sikumtazama usoni, si adabu, lakini niliona viatu vyake vyeupe vya kanisani. Vilisimama pale kidogo, kisha vikageuka, vikarudi ndani.

Kwa hiyo hali ni hii. Ngazi ikiwa chini kiasi cha kufikiwa na magoti yake, barabara ya kwake inaing'oa. Ikiwa juu kiasi cha kuvuka barabara, magoti hayafiki. Nimerudi Kisumu peke yangu, na sikuwasha redio.

Aprili 22, Jumanne

Akinyi amerudi, macho mekundu.

Kumbe alitaka kunisaidia. Jana alimvizia mama yake akipanda kizingiti cha jikoni, akasokota leso ikawa kamba, akapima kutoka chini hadi pale mguu unapofika. Alikuwa amepiga magoti na kamba mkononi mama alipogeuka.

"Unanipima jeneza?" Mama Dorca akauliza. "Mume wako amekutuma unipime kama maiti?"

Akinyi alijaribu kueleza. Ikawa mbaya zaidi. Mama amesema haji tena. Mkwewe awe na amani huko Kaloleni na gari yake ya jembe, yeye atabaki kwake.

Mke wangu amelia sana leo. Miaka yote hii mashangazi zangu wakimuuliza, "Na kwenu hawaji?" amekuwa akicheka tu. Leo ameniambia kwamba kila mara kicheko hicho kilimkata maini. Sikujua. Nilidhani ziara hii ni sherehe yangu mimi na gari langu.

Aprili 27, Jumapili

Mvua. Mto Nyando umefura. Hakuna neno kutoka Awasi.

Aprili 30, Jumatano

Mvua.

Mei 4, Jumapili

Okello alikuwa mjini, nikamlisha samaki pale ziwani ili nimchokonoe. Nilimuuliza kwa nini mama yake ameshikilia sharti hili la kutoshikwa, maana nilikuwa naliona ni ukaidi wa uzee. Alikula kwanza, akafuta mikono, ndipo akasema.

Mwaka jana walizika mtu wa ukoo wao huko Sondu. Wakati wa kurudi usafiri ulikuwa lori. Mama Dorca alishindwa kupanda, na vijana wanne wakamnyanyua, wawili makwapani, wawili miguuni, wakamrusha juu kama gunia la mpunga. Gauni lilipanda. Kiatu kimoja kikaanguka. Mtu fulani akahesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu!" na watu wakacheka, msibani.

"Tangu hiyo siku hajapanda gari," Okello alisema. "Hata ya kwenda hospitali. Anatembea, ama anakaa. Na yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa akina mama hapo kwetu, shemeji. Yeye ndiye alikuwa anapanga nani akae wapi."

Samaki wangu sikummaliza. Nimekuwa nikimwona mama yule kama mzee mgumu anayenijaribu. Sasa namwona amekaa mwaka mzima nyumbani kwa ajili ya kicheko kimoja. Na mimi nikamwendea na bomba la kung'aa.

Nimempa Okello ujumbe. Amwambie mama nitaondoa zile springi, nitarudisha matairi ya zamani, gari lishuke liwe la kawaida. Lilikuwa zito kulisema, lakini nililisema.

Mei 7, Jumatano

Jibu limekuja, na nimelipokea kwa masikio, maana Okello alilileta kwa simu nami nikamwambia alirudie mara tatu.

"Anasema usiteremshe gari. Anasema, hao watu walimuona akitupwa kwa kitu refu, sasa anataka wamuone akipanda kitu refu. Ukiifanya fupi, utakuwa umemuibia."

Halafu nimepokea mzigo kutoka stendi ya Awasi, umefungwa kwenye gunia. Ndani kuna kigoda cha mti, kizee, kimelainika katikati. Akinyi alikitambua mara moja. Ni cha jikoni kwa mama yake. Hukikanyaga kila siku kufikia rafu ya juu. Hakukuwa na maelezo yoyote. Lakini nimeelewa, huo ndio urefu. Amejipima mwenyewe.

Wallahi, huyu mama ananizidi kiburi, na mimi ndiye niliyedhani hilo haliwezekani.

Mei 10, Jumamosi

Siku nzima Kibuye. Nabalayo alikiweka kigoda chini ya mlango wa nyuma, akakitazama kwa jicho moja, akasema bomba litoke. Limetoka. Nimerudi kwa Shakir nikachukua ule ubao wa aluminiamu wenye meno, na Akinyi alikuwepo, na hakusema "nilikwambia." Alitabasamu tu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Ubao umefungwa juu, pale mifereji ya Awasi haiwezi kuufikia. Chini yake, kwenye mlango wa nyuma kushoto, tumeweka kidaraja cha kukunja. Wazo la kwanza lilikuwa la Nabalayo: kining'inizwe kwa raba ya tairi, kama cha malori. Tulikijaribu. Nilikanyaga, kikaenda chini ya gari na mguu wangu ukakifuata. Akinyi akasema, "Mama akibembea hapo, mimi nahama hii nchi." Wazo la pili lilikuwa langu: bawaba mbili nene na pini. Ukiendesha kinalala juu chini ya ubao, ukisimama unavuta pini kinashuka, unakifunga kwa pini ya pili hakichezi. Bawaba za kwanza zilikuwa nyembamba, zikalia. Nabalayo akatafuta za lango la chuma.

Akinyi aliongeza jambo ambalo mimi na Nabalayo hatukuliwaza. Mama yake akipanda ngazi za kanisa hushika fremu ya mlango, kwa hiyo miguu bila mkono ni bure. Tukafunga kishikio kirefu kwenye nguzo iliyo kati ya milango, kimezungushiwa raba. Kisha Nabalayo, ambaye naye si mwembamba, alipanda na kushuka, kupanda na kushuka, akiimba wimbo wa kwao, mpaka karakana nzima ikapiga makofi.

Hakuna kinachong'aa. Sijawahi kuliona gari langu likipendeza hivi.

Mei 17, Jumamosi

Leo ndiyo ingekuwa siku ya Mama kuja. Maji yamefunika daraja dogo la kwenda kwao. Akinyi ameshinda dirishani, na mbuzi aliyenunuliwa kwa ajili ya wageni anakula maua ya jirani.

Mei 21, Jumatano

Mvua imepungua. Okello anasema daraja limetoka majini. Jumamosi, Mungu akipenda.

Mei 24, Jumamosi

Niandike kabla sijalala, nisije nikaamka nikaanza kutia chumvi.

Tulifika Awasi saa tatu asubuhi. Uani kulikuwa kumejaa. Akina mama wenzake wanane walikuwa tayari na vikapu, kuku, mchele, unga wa wimbi. Wao walikuwa na gari lao la kukodi. Lakini walikuwepo pia watu ambao hawakualikwa, wamejipanga kwenye ua wa minyaa, na Okello aliniambia kwa sauti ya chini kwamba baadhi yao walikuwa Sondu siku ile. Mama Dorca mwenyewe ndiye aliyewaita.

Nilisogeza gari mpaka penye ardhi ngumu. Nikashuka, nikavuta pini, nikashusha kidaraja, nikakifunga kwa pini ya pili. Nikakifuta tope kwa kanzu yangu, kitambaa nilikisahau. Hapo kazi yangu ikaisha. Okello akaniashiria, nikaenda mbele ya gari, nikawapa mgongo, uso kwenye minyaa, kama adabu inavyotaka. Nilitengeneza ngazi majuma saba, na siku yake ikifika mimi ndiye mtu pekee asiyeruhusiwa kuitazama.

Nikaweka kiganja juu ya boneti.

Watu walinyamaza. Nikasikia viatu vikija, pole pole, vikasimama. Kisha gari likazama kidogo upande wa kushoto. Nililisikia mkononi, springi zikipokea uzito. Halafu hakuna kilichoendelea. Nilijua yuko juu ya kidaraja, mguu mmoja bado unatafuta ubao, na nikajikuta nakaza goti langu la kulia kana kwamba lingemsaidia. Mwanamume mmoja akasema, "Mshikeni huyo mama, ataanguka."

"Wacheni!" Akinyi akapiga kelele. Sijawahi kumsikia mke wangu akitoa sauti ile. "Hakuna mtu kumgusa!"

Kishikio kikalia. Gari likazama tena, zaidi, chini, chini, kisha likainuka likakaa sawa, na kiti cha nyuma kikatoa pumzi.

Halafu sauti yake kutoka ndani, kubwa, ya mwenyekiti anayefungua mkutano:

"Kuna mtu amenishika?"

"Onge!" wakajibu wanawake. Hakuna.

"Sijasikia! Nyinyi wa Sondu, kuna mtu amenishika?"

"Onge!" Safari hii uani kote, mpaka kuku wakaruka kutoka vikapuni, na vigelegele vikaanza, na Okello akacheza peke yake kwenye tope.

Mimi nililia, nikitazama minyaa. Sioni haya kuliandika.

Nilipokaa kwenye usukani, sikuangalia kioo. Yeye ndiye aliyesema, kwa mara ya kwanza akinena na mimi moja kwa moja: "Wuon Huzaifa, washa gari." Baba Huzaifa. Halafu akamwambia Okello anifikishie kwamba tukipita sokoni niende pole pole, na madirisha yote yafunguliwe. Tulipita soko la Awasi kwa mwendo wa mtu anayetembea. Alikuwa akipunga mkono.

Hapa Kaloleni alishuka kinyumenyume, akikanyaga ubao, kisha kidaraja, kisha ardhi yangu. Mashangazi zangu walisimama mlangoni na hawakuwa na la kuuliza. Alikula, akaimba na wenzake, akawashika wajukuu, na kabla jua halijazama akaondoka, kwa sababu mama mkwe halali kwa mkwewe. Alipanda tena peke yake. Sasa hakuna aliyenyamaza, wote walikuwa wakiongea mambo mengine.

Mei 25, Jumapili

Nimepeleka gari ziwani likaoshwe. Anayenioshea ni Griffins, mtu wa kitambi na maswali mengi. Alizunguka akitafuta bomba la kung'aa.

"Mzee, ile chrome ilienda wapi? Gari ilikuwa inakaa ya mbunge!"

Nikamwambia aoshe boneti, paa, matairi, vioo, kila kitu. Ila kidaraja cha nyuma kushoto asikiguse.

Akainama kuangalia. "Lakini hii ndiyo chafu kabisa. Kuna alama ya kiatu hapa, tope yote."

"Naijua," nikasema. "Iache."